Chati zikifika kwenye slaidi zinaharibika. Nifanyeje?

Swali: "Asalaam aleikum mwalimu. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu iko Shimanzi. Kila mwisho wa mwezi naandaa wasilisho la wakubwa, chati kama kumi na nne hivi, nyingine nazitoa Power BI, ile programu ya ripoti ya Microsoft, na nyingine Excel. Mwezi uliopita tulikutana hotelini Nyali. Za Power BI zilitoka na ukungu hata mkurugenzi akauliza kama ni miwani yake. Za Excel zilikuwa zimebadilika rangi zenyewe, na nilipoambiwa nirekebishe namba ya Juni palepale, PowerPoint ikasema faili haipatikani. Niliona haya. Njia sahihi ya kuhamisha chati ni ipi?"

Waaleikum salaam dadangu, na pole. Hiyo mikasa yako miwili ya Excel ina mzizi mmoja, na dawa yake ni herufi moja ya kibodi. Ule wa ukungu ni hesabu ndogo ya darasa la sita. Lakini nikikupa dawa hizo nikanyamaza, mwezi ujao utaingia ukumbini na chati kumi na nne safi ambazo aliyekaa nyuma bado hazisomi. Kwa hiyo nitakujibu ulichouliza, kisha nikueleze ninavyofanya mimi mwenyewe, maana chati zenye uzito huwa sizihamishi kabisa. Nahamisha namba zake.

Tuanze na Excel. Ukinakili chati kwa Ctrl+C, ukaja kuibandika kwenye PowerPoint kwa Ctrl+V bila kusema neno jingine, PowerPoint inakuchagulia yenyewe, na inafanya mambo mawili kimyakimya. La kwanza, inaivua chati nguo zake na kuivisha za slaidi. Ndiyo maana rangi ziligeuka. Ukifungua paleti ya rangi kwenye Excel, zile safu za juu ni rangi za mandhari (theme) ya faili: chati ikihamia kwenye slaidi zenye mandhari nyingine, nazo zinageuka. Ule mstari wa chini, wenye nyekundu na kijani za kawaida, haugeuki, wala haigeuki rangi uliyoitaja mwenyewe kwa namba zake. Kama kijani chako cha kontena zilizotoka ulikichukua juu, ndiyo sababu kilifika Nyali kikiwa buluu.

La pili ndilo lililokuumbua. Namba za chati hazikuhama. Zilibaki ndani ya faili ya Excel kwenye kompyuta ya Shimanzi, na kilichokuja kwenye slaidi ni mchoro pamoja na kiungo kinachoelekea kule. Chati ilionekana sawasawa kwa sababu inakumbuka thamani za mwisho ilizosoma, kwa hiyo hukuwa na sababu ya kushuku. Mpaka mtu aseme "hebu badilisha hapo." Ukabofya kuhariri data, PowerPoint ikaifuata njia ya folda uliyoiacha ng'ambo ya daraja la Nyali, isikute kitu.

Sasa fanya hivi, kwenye Windows. Bandika kwa Ctrl+V. Usiguse kitu kingine. Bonyeza Ctrl peke yake mara moja uiachie, na kijisanduku chenye picha tano ndogo kitafunguka kwenye kona ya chati. Kila picha ina herufi yake. H inaivisha chati rangi za slaidi na kupachika data ndani ya wasilisho. K inabakiza rangi za Excel na kupachika data vilevile. L ndiyo ile inayochaguliwa bila wewe kuulizwa, rangi za slaidi na kiungo cha nje. F inabakiza rangi zako na kuweka kiungo. U inaigeuza chati kuwa picha. Ukizijua herufi hizi tano, umemaliza nusu ya kazi ambayo watu hulipia kozi.

Wewe unayebeba wasilisho kwa fleshi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, L na F si zako. Kiungo kinamfaa mtu ambaye wasilisho na faili ya Excel vinakaa kwenye mashine moja au kwenye folda moja ya ofisi isiyohamishwa, na namba zinabadilika kila siku. Hata huyo namshauri asingoje zijisasishe. Azisasishe kwa mkono wake kabla ya kikao na aone kwa macho kuwa zimebadilika. Na kama tayari una slaidi zenye viungo vilivyokatika, fungua menyu ya File, nenda Info, pale chini kulia kuna maandishi ya "Edit Links to Files." Humo utaona kila kiungo na njia yake, na unaweza kukielekeza kwenye faili ilipo sasa. Maandishi hayo hayaonekani kama hakuna kiungo chochote, kwa hiyo ni njia nzuri pia ya kukagua wasilisho ulilorithi kwa mtu mwingine.

Basi K? Ngoja kwanza. K inapachika faili, na ninaposema faili namaanisha nzima. Laha zote, yaani kurasa zote za faili. Miaka kadhaa nyuma nilimwandalia mteja mmoja slaidi yenye chati ya pau, moja tu, nikaibandika kwa K na kumtumia kwa barua pepe. Faili ya Excel ilikuwa na laha saba, na mojawapo ilionyesha tunachowatoza wateja wote, mmoja mmoja, na kinachobaki mkononi. Siku ya tatu mteja akapiga simu. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole kabisa kwa nini mwenzake wa Changamwe analipa pungufu yake kwa kontena la ukubwa uleule. Alikuwa amebofya chati ili abadilishe jina la mwezi, akakuta duka zima liko wazi. Tangu siku ile, kabla ya kupachika, nafungua faili mpya tupu ya Excel, nabandika humo jedwali dogo la namba za chati hiyo tu, tena kama thamani bila fomula, nachora chati humo, ndipo naipeleka kwenye slaidi. Kampuni ya kutoa mizigo ina siri za wateja kila laha, kwa hiyo hili usilione dogo.

Na U, yaani picha, haina aibu yoyote. Chati ya miaka iliyopita ambayo hakuna atakayeibadilisha, iweke picha na uendelee na shughuli zako.

Tukija kwenye ukungu, mkurugenzi wako miwani yake ni mizima. Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05. Projekta ya HD kamili inaijaza hiyo kwa pikseli, yaani nukta ndogo za picha, 1,920 kwa upana. Wewe, nadhani, ulifungua dashibodi yako, chati ikiwa imebanwa robo ya skrini, ukaikata kwa Windows+Shift+S. Umepata pikseli kama 600. Ukaivuta pembe mpaka ikajaza slaidi. Pikseli moja sasa inalazimika kutanda kwenye nafasi ya tatu na ushei, na herufi, ambazo ni mistari myembamba, ndizo za kwanza kuyeyuka. Hakuna kitufe cha kurudisha pikseli ambazo hukuzichukua. Dawa ni kuikuza chati kwanza ndani ya Power BI, kwa kile kialama cha juu ya chati kinachoifanya ijaze ukurasa, ndipo uikate. Picha ileile sasa ina pikseli karibu zote za skrini yako.

Kuna ukungu wa aina nyingine unaotokana na wema. Mtu anaona wasilisho ni zito kutuma, anabonyeza kubana picha na kuchagua kiwango cha barua pepe, pikseli 96 kwa inchi. Slaidi ya inchi 13.33 kwa 96 ni pikseli 1,280, na hapo kila picha imeshapunguzwa kabisa, haina kurudi. PowerPoint yenyewe ikiachwa na mipangilio yake huhifadhi picha kwa kiwango cha juu zaidi ya hapo, kinachotosha kwa projekta. Ukitaka isiguse kabisa, kwenye mipangilio ya hali ya juu kuna kisanduku cha kuizuia kubana picha katika faili hiyo. Picha za chati zihifadhi kwa PNG; JPEG imetengenezwa kwa ajili ya nyuso na mandhari ya bahari, na kwenye herufi inaacha vumbi pembeni.

Power BI ina njia yake ya kutoa ripoti kwenda PowerPoint, na nakushauri uijue ili usiitegemee kupita kiasi. Ukitoa ripoti kama picha, kila ukurasa unakuwa slaidi moja, na chati zote za ukurasa huo zimeganda pamoja. Huwezi kukuza moja na kuacha nyingine. Mtego wake ni vichujio: wakati wa kutoa unaulizwa kama unataka ripoti ilivyo sasa mbele yako au ilivyo kwa mpangilio wa awali. Ukiwa asubuhi ulichuja mteja mmoja ili umjibu swali lake, ukasahau, jioni utawaonyesha wakurugenzi mzigo wa mteja mmoja ukidhani ni wa kampuni. Chati haitasema. Itaonekana nzuri tu.

Kuna pia njia ya kuweka ripoti hai ndani ya slaidi, unabofya na namba zinasogea mbele ya watu. Inapendeza. Inataka intaneti, na aliyefungua awe ameingia kwa akaunti yenye ruhusa ya kuiona ripoti hiyo. Ukitegemea waifai ya hoteli siku ambayo kuna harusi ukumbi wa pili, utajua mwenyewe. Mimi nikiitumia, slaidi inayofuata ni picha ya kitu hichohicho, nimeificha, ikingoja.

Sasa nakuja kwenye ninavyofanya mwenyewe. Dashibodi hutazamwa na mtu mmoja, sentimita hamsini kutoka usoni, ana kipanya mkononi na anaweza kuuliza. Slaidi inatazamwa na watu ishirini, wa mwisho akiwa mita kumi, na hana cha kubofya. Chati iliyochorwa kwa ajili ya yule wa kwanza ina mistari ya gridi, ufunguo wa rangi pembeni, mhimili wenye namba tisa, miezi iliyolazwa mshazari. Kuihamisha vizuri ni kuyahamisha hayo yote vizuri. Kwa hiyo katika chati zako kumi na nne, chagua tatu au nne ambazo kikao kinaitishwa kwa ajili yake, na hizo zichore upya ndani ya PowerPoint.

Tuseme ni ile ya wastani wa siku ambazo kontena hukaa bandarini kabla hamjaitoa, Januari hadi Juni. Kwenye Power BI, bofya nukta tatu juu ya chati, chagua kutoa data, utapata faili inayofunguka kwenye Excel. Ukiifungua utashangaa: chati yote ile ni mistari sita. Ndani ya PowerPoint ingiza chati mpya ya pau. Kijikaratasi kidogo cha Excel kitafunguka chenye namba za mfano. Zifute, bandika sita zako, na hakikisha ule mstari wa buluu unaozunguka data unaishia kwenye namba ya mwisho, la sivyo utapata pau tupu pembeni. Halafu anza kufuta. Gridi, toa. Ufunguo wa rangi, toa, rangi ni moja. Mhimili wa kushoto, toa, kisha weka namba juu ya kila pau kwa herufi za ukubwa wa 20. Pau tano zote zipe kijivu kilichokolea, ya Juni ipe rangi ya kampuni. Na kichwa cha slaidi kisiwe "Wastani wa Siku Bandarini." Andika kilichotokea: "Juni tumetoa kontena kwa siku mbili pungufu ya Mei," kama ndicho kilichotokea.

Mara ya kwanza itakula nusu saa. Mwezi ujao unabofya kulia, unahariri data, unaongeza mstari wa Julai, basi. Na ile namba aliyotaka mkurugenzi ibadilishwe palepale, unaibadilisha palepale, kwa kuwa data imo ndani na ni mistari sita tu, hakuna laha ya siri iliyojificha nyuma yake. Ukiipenda sura yake, bofya kulia uihifadhi kama kiolezo; chati nyingine utaivika sura hiyo kwa mbofyo mmoja.

Kazi hii ni ya zamani, usidhani ni ya kompyuta. William Playfair, Mskoti, alichapisha mwaka 1786 chati za mistari za bidhaa zilizoingia na kutoka Uingereza, nchi kwa nchi. Alichukua majedwali ya forodha, akayachora upya kwa ajili ya watu wasio na subira ya kusoma majedwali. Ni kazi yako ya Shimanzi kabisa, ila yeye hakuwa na Ctrl+V.

Onyo moja hapa, kwa vile sasa unashika namba kwa mkono. Angalia tarehe. Mfumo ukitoa faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, yenye 03/07, kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma tarehe 7 Machi na iliyopangwa kama zetu inasoma tarehe 3 Julai. Tarehe zinazozidi 12 zinakataa kusomeka, hivyo unaziona. Zile za mwanzo wa mwezi zinaingia kimya kwenye mwezi usio wake. Nimeona chati ambayo miezi yote ilikuwa na mzigo kidogo, hata ambayo haijafika. Kabla ya kuchora, jumlisha safu na ulinganishe na jumla ya kwenye dashibodi. Zikitofautiana hata kwa kontena moja, simama hapohapo.

Kuhusu zana nyingine nitapita haraka, maana wanaoniandikia kuzihusu ni wengi. Anayetumia R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, aandike ukubwa wa picha mwenyewe anapohifadhi, sawa na nafasi itakayokaa kwenye slaidi, tuseme sentimita 28 kwa 14. Akiacha, picha inafuata ukubwa wa dirisha lililofunguka na herufi zinatoka zitakavyo. Ukiipunguza nusu kwenye slaidi, herufi za 10 zimekuwa za 5. Kuna pia pakiti za officer na rvg zinazotoa chati ya R kama maumbo ya PowerPoint yanayoharirika, na mimi nazipenda. Kwa lugha ya Python, pakiti yake ya kuchora ya matplotlib ikiachwa inatoa picha ya pikseli 640 kwa 480, ambayo ni ndogo mno. Ongeza, au hifadhi kwa SVG, picha ya mistari isiyotegemea pikseli, ambayo PowerPoint ya 2019 na ya Microsoft 365 inaipokea na haipati ukungu hata ukiikuza vipi. Wa Google, chati kutoka Sheets ikiingia Slides inabaki na kiungo na kitufe cha kusasisha kinajitokeza namba zikibadilika. Ni nyepesi kuliko zote, ila nayo inataka intaneti.

Nirudi Nyali, maana kuna jambo ambalo programu haikuambii. Kumbi zetu za ufukweni zina madirisha makubwa na mapazia mepesi. Saa nne asubuhi mwanga wa bahari umejaa ukumbi, na projekta inashindana na jua. Njano, kijivu hafifu, buluu ya mbingu, vyote vinakufa ukutani hata kama kwenye laptopu yako vinang'aa. Mandharinyuma meupe, pau nyeusi au za buluu iliyokolea, hivyo ndivyo vinavyobaki. Kijani na nyekundu usizitumie kama tofauti pekee ya zilizotoka na zilizokwama. Wapo wanaume kwenye vikao vingi ambao macho yao hayazitenganishi rangi hizo, na wengi hawatasema. Andika maneno juu ya pau.

Fika nusu saa kabla. Washa slaidi yenye chati yenye maandishi madogo kuliko zote, nenda kwenye kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, ukae. Isiposomeka, una nusu saa ya kufuta vitu.

Na baada ya kikao watakuomba uitume kwenye kundi la WhatsApp, siku zote huomba. Usitume picha za slaidi moja moja, WhatsApp itazibana na ukungu urudi mlango wa nyuma. Hifadhi PDF, uitume kama dokumenti. PDF pia haina data ya kubofya, kwa hiyo akiipata mshindani wenu ataona pau sita na kichwa cha habari.